Reflekta ya Oscar

Jumatatu asubuhi, kijiweni Elerai, Oscar aliwasha simu akakuta kampuni ya kupeleka vyakula imemfungia kazi. Alipoinama kufunga kamba za viatu, miguu haikuwepo.

Hakupiga kelele. Pale kijiweni ilishajulikana: bodaboda wa kupeleka vyakula akifungiwa, huanza kupotea kutoka chini, na uso huondoka mwisho. Hafi, ila haonekani tena. Wenzake walimvalisha reflekta, kizibao cha kung'aa cha rangi ya machungwa, gari lisije likamgonga, wakarudi kungoja oda zao.

Kosa alilifanyia Kisongo. Philemoni, mwenzake wa kijiwe kimoja, aliteleza na pikipiki akapasuka goti. Oscar alimkimbiza hospitali, chipsi za mteja zikapoa kwenye boksi. Mteja akalalamika. Kule ofisini kwa kampuni, mtaa wa Themi, dada wa mapokezi alimweleza kwa upole kwamba yeye si mfanyakazi, ni mshirika, na mshirika hatetewi na mtu. Labda huyo aliyesaidiwa aandike kuthibitisha.

Aliyeogopa kweli ni Namelok, mkewe. Jumapili iliyofuata binti yao Nashilu angebatizwa, na Namelok alitaka siku hiyo mtoto auone uso wa baba yake. Kila kulipokucha, kabla hata ya kuwasha jiko, alifunua blanketi aone mume amebaki hadi wapi. Alhamisi alikuta mabega na kichwa tu. Akajifunga kanga, akaenda kwa Philemoni.

"Shemeji, andika mistari miwili tu. Sema uliumia, baba Nashilu akakupeleka hospitali."

Philemoni alishika goti. Bandeji ilikuwa imetuna chini ya suruali.

"Nikiandika niliumia, watanifungia na mimi. Mgonjwa hawampi oda, shemeji."

"Kwa hiyo apotee?"

"Nisamehe." Simu yake ikalia, akaondoka.

Jumapili kanisani, mchungaji aliuliza baba wa mtoto yuko wapi. Namelok alionyesha reflekta iliyosimama kando yake. Mchungaji akaitikia kwa kichwa, akasema baba amshike mtoto. Nashilu alikaa hewani mbele ya reflekta, akapapasa juu kama afanyavyo akitafuta usingizi. Mkono wake uligusa pua, ukagusa ndevu. Akatazama pale alipogusa, asione kitu, akaangua kilio. Maji yalimwagwa akiwa bado analia. Kwenye benchi la nyuma, reflekta nyingine ziliitikia amina pamoja na waumini wote.

Philemoni alikuwa amekaa karibu na mlango. Simu ilitetemeka mfukoni: oda ya Kisongo. Alitoka akijikaza asichechemee. Nje, kabla ya kupanda pikipiki, aliinama akatazama chini kwa hofu.

Miguu yote miwili ilikuwepo. Akawasha pikipiki, akaenda.