Balbu ya Vifaranga

Jirani yangu Gitonga huangalia mita ya stima vile watu wengine huangalia mpira. Anazima friji, anakimbia kuona kama ile taa nyekundu imepunguza kupepesa, anarudi akicheka. Nyumba yote aliweka balbu za LED, hadi choo.

"Wewe siku moja utazima jua," nilimwambia. Lakini tokeni zake za stima zilikuwa zinakaa siku nyingi kuliko zangu, kwa hivyo nilicheka polepole.

Balbu ya zamani ilibaki moja tu, kule stoo kwa vifaranga wa mke wake, Kathini. Aliwanunua wakati kiwanda alichokuwa anafanyia kazi Athi River kilifungwa, akabaki bila kazi. Mpango mwingine hakuwa nao.

Julai, na ile baridi ya Kitengela ya kuingia mpaka kwa meno, Kathini akaenda Kajiado kukesha na mama yake hospitali. Jioni Gitonga akaniita.

"Parmuat, kuja uone! Ile balbu ya stoo ndio ilikuwa mwizi. Nimeitoa."

Mita ilikuwa inapepesa pole, kama mzee anasinzia kanisani. Nikampongeza.

Asubuhi nikasikia Kathini amerudi, nikaenda kusalimia. Walikuwa stoo.

"Baba Nduta, hii taa ni gani?" Kathini akamuuliza Gitonga.

"LED, mama. Inaangaza kushinda ile, na haikuli stima."

"Ishike."

Akashika. Vuguvugu, kama chai imesahaulika. Chini kwa kona vifaranga walikuwa wamerundikana, wa juu wamekanyaga wa chini wakitafuta joto. Stoo ilikuwa inang'aa, ungesoma gazeti.

"Nilidhani taa ni ya kuwaonyesha chakula," Gitonga akasema. "Nilikuwa nakusaidia."

"Najua. Sasa nitakukasirikia aje?"

 

Kathini akapiga magoti kwa maranda ya mbao, akaokota wale walikuwa bado wanapumua, akawaingiza ndani ya sweta. Gitonga akakimbilia jiko, makaa yakakataa kushika. Ile balbu ya zamani alikuwa ameipasua mwenyewe, asijaribiwe kuirudisha. Nikatoka mbio madukani.

"Balbu za waya? Hizo watu waliacha, mzee. Chukua LED."

Duka zote, jibu ni hilo.

Niliporudi, jiko lilikuwa limeshika, jekundu kabisa. Gitonga alikuwa analipepea bado. Kathini alikuwa amekaa kando yake, amekumbatia sweta, na ndani ya sweta hakuna kitu ilikuwa inalia.