Matanga ya Mama wa Vietnam

Warda alikuwa akimsomea bibi yake, Bi Somoe, kisa cha msichana wa Vietnam aliyekimbia vita kwa mashua. Mama wa msichana alipokufa kwa kiu na kutoswa baharini, bibi akasema, "Funga kitabu."

"Bibi, hatujajua kama mtoto alifika!"

"Matanga ya mama yake yamewekwa wapi?"

"Hayakuandikwa."

"Basi yatawekwa hapa Somanga."

Akatandika mkeka. Jirani yao, Bi Zuhura, aliposikia habari ya matanga akaja, akavua ndala, akaketi. "Poleni. Nani kafariki?"

"Mama mmoja wa Vietnam, wa kwenye kitabu hiki tulichokifunga. Kaacha binti, bado yuko kwenye mashua."

"Sasa mkifunga kitabu, mfiwa atafikaje?"

Bi Somoe akafikiri. "Soma, Warda. Lakini polepole, tuko msibani."