Kura Zilizovuka Reli

Fundi simu alikuwa na mazoea yake: kioo kipya cha simu ya mteja hakitoki kibandani kabla hajakijaribu kwa kidole. Zamani alijaribu kwa kikokotoo. Tangu lianze shindano la mtandaoni la kutafuta mtaa bora jijini, kila simu kura moja, alijaribu kwa kupiga kura. Na kura aliupigia mtaa wa ng'ambo ya reli, washindani wao.

Msimwite msaliti mapema. Mwenye nyumba alikuwa ameshatangaza kwamba mtaa ukishinda tu, vibanda vya mbele vinavunjwa, ajenge duka la maana. Kibanda cha fundi kilikuwa mbele ya vyote. Nani anachimba kaburi lake halafu akapiga vigelegele?

Shida ilikuwa mama mkwe. Kampeni alijitwika yeye, bila kuombwa na mtu. Alizibua mtaro kwa mikono yake, akawagombeza walioanika matambara madirishani, akapiga picha mpaka bomba la maji. Aliposikia ng'ambo wanaongoza, mori ukampanda.

"Wizi mtupu! Wale wanapigisha kura mpaka marehemu! Sasa tuwaonyeshe sisi ni wasafi. Kila mtu afungue simu yake, hapa hapa!"

Hapa hapa palikuwa mbele ya kibanda. Fundi akaweka bisibisi chini.

Kinyozi, mwenye kibanda cha pili, alifungua yake. Ng'ambo ya reli.

"Kidole kiliteleza, mama."

"Kidole hicho hicho kinachoshika wembe?"

Akafuata muuza mikate. Ng'ambo ya reli.

"Haki ya Mungu sijapiga! Hata sijui kura inapigiwa wapi!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Maskini muuza mikate, machozi yakamlengalenga.

"Lete yako, mkwe."

Fundi akaitoa. Kwa simu yake mwenyewe hakuwahi kuthubutu kupiga kura, kwani mwoga hujiachia mlango wa nyuma. Ilikuwa safi. Mama mkwe akaiinua juu watu wote waione.

"Mnaona? Huyu hajasaliti mtu! Na mimi nilimwambia binti yangu, mume gani huyu anayeshinda na bisibisi. Nimekosa. Nisamehe, mwanangu."

Akamwekea mkono begani. Miaka yote ya ndoa, mkono ule ulikuwa ukimnyooshea kidole tu. Fundi aliona raha, raha ya kweli, hadi akajionea haya.

Muuza mikate alikuwa bado anaapa, sasa kwa jina la mama yake mzazi, na watu walikuwa bado wanacheka.

"Mama," fundi akasema, "huyu hasemi uongo. Kura yake nilipiga mimi. Na za wengine wengi."

Kicheko kikakatika. Mama mkwe akautoa mkono begani, akaupangusa kwenye gauni lake.