Siku Mama Soli Alipovuka

Mama aliinama mbele ya dirisha la kulipia ushuru wa daraja, akaanza kufungua kamba za viatu vyake. Jua lilikuwa limeshapanda na lami inafuka joto. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya wauza nyanya, mafundi wenye ngazi mabegani, na mwalimu mmoja aliyejitia kusoma simu. Mkata tiketi, binti ambaye viatu vyake vya harusi vilitengenezwa visigino na mama huyu huyu, alitoa kichwa dirishani.

"Mama Soli, wewe pita tu. Mimi sijakuona."

"Nimekuja unione," mama akasema bila kuinua uso. "Kata tiketi."

Nilikuwa nyuma yake na mkoba wa nguo, natamani ardhi ipasuke initie ndani.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana mtu angemwona pale bila kujua yaliyotangulia angedhani ni mwanamke mwenye vituko, na mama yangu hakuwa na vituko kabisa. Alikuwa fundi viatu. Ufundi aliachiwa na baba, pamoja na kiti, mwavuli na sehemu ya kukaa, pale pale daraja lilipoanzia. Watu walimwachia viatu asubuhi wakienda ng'ambo, akawaazima kandambili kutoka kwenye kapu lake, moja nyekundu na nyingine ya bluu, na jioni wakirudi wanarudishiana. Ukikutana na mtu sokoni amevaa kandambili za rangi mbili, ujue viatu vyake viko kwa Mama Soli.

Daraja la zamani lilikuwa la chuma na lilikuwa limechoka. Lori likipita, wenye miguu tulijibana kwenye vyuma vya pembeni tukashika pumzi. Hakuna aliyekataa daraja jipya, watu wasitusingizie. Tulichokataa ni ushuru: kila gari, kila baiskeli, kila mwenye miguu, kwenda na kurudi, mpaka gharama irudi, na itarudi lini hakuna aliyetuambia. Soko liko ng'ambo. Hospitali iko ng'ambo. Upande wetu tulikuwa na vitanda vya kulalia, basi.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule. Wahandisi walileta daraja dogo la plastiki wakaliweka mezani, na vigari vyake, na vijitu vyenye ukubwa wa kidole vikitembea pembeni. Mwenyekiti wa kamati yetu, muuza magodoro mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alizungumza mpaka jasho likamchuruzika. Mama alikuwa ameketi nyuma anashona kiatu cha mtu. Hakuwahi kusema neno mkutanoni maisha yake yote. Siku hiyo sijui alipandwa na nini, akasimama na kiatu chake mkononi.

"Hivi vijitu vyenu hapo mezani, navyo vinalipa?"

Ukumbi ukacheka. Mhandisi naye akacheka, akasema watu wa miguu watalipa kidogo sana, hata hawatasikia.

"Basi mimi hata hicho kidogo silipi," mama akasema. "Na siku mkiniona nimelipa, mtaniona navuka pekupeku, mimi fundi viatu, mchana kweupe, mbele ya kila mtu."

Jamani, ukumbi ulilipuka! Watu walivua viatu wakavipunga hewani. Kuanzia siku ile neno lake likawa wito wa mtaa: likaandikwa kwenye kuta, likaimbwa kwenye maandamano, na Mwenyekiti hakumaliza hotuba bila kumtaja. Mama alirudi nyumbani, akaniuliza, "Mwanangu, nimesema nini pale?"

Tuliandamana, tukapeleka kesi mahakamani, kesi ikapigwa danadana mpaka mawakili wakatuchoka. Daraja jipya likajengwa. La zamani likakatwa vipande, likabebwa na malori kama mabati ya jalalani. Siku za mwanzo za ushuru hakuna aliyevuka na soko likawa tupu kabisa. Halafu nyanya zikaanza kuoza. Wenye nyanya wakalipa, wakiwa wameinamisha vichwa. Wakafuata mafundi, wakafuata walimu. Nani wa kuwalaumu? Mwenyekiti mwenyewe alikuwa anavusha magodoro kwa gari alfajiri, geti likiwa halijachangamka.

Akabaki mama peke yake. Na hapo ndipo tulipomkosea. Watu waliolipa walimvika kilemba cha ukoka: Mama Soli jasiri, Mama Soli hatingishiki, Mama Soli ndiye aliyebaki na heshima ya mtaa. Waandishi walikuja kumpiga picha chini ya mwavuli. Lakini viatu hawakuleta tena. Mtu aliyetoka kulipa angewezaje kumkalia mbele, amvulie kiatu chenye vumbi la ng'ambo? Wakawa wanazunguka nyuma ya tanuri la matofali ili wasipite machoni pake. Soli ikiachia, mtu anaifunga kwa waya. Kapu la kandambili likajaa na kukaa limejaa. Walimheshimu mpaka kazi yake ikafa.

Mimi nilikuwa nafanya kazi kwa dobi ng'ambo, napiga pasi mashuka ya hoteli, kwa hiyo nililipa kama wengine. Mama alijua. "Kazi ni kazi," aliniambia. "Ila pita nyuma, nisikuone." Basi kila asubuhi namuaga mlangoni, nazunguka tanuri, natokea getini karibu kabisa na mwavuli wake, na yeye anageuza kiti kuelekea ukutani. Tulicheka mwanzoni. Baadaye hatukucheka tena.

Dada yangu alikuwa ameolewa ng'ambo. Mimba mbili za mwanzo zilitoka. Ya tatu ilipofika, daktari akamwambia alale, asiinue hata ndoo, na shemeji ni dereva wa malori ya masafa marefu, wiki nzima haonekani. Mimi nilipita jioni kumpikia na kumfulia, lakini aliyekuwa anamtaka si mimi.

"Mwambie mama simlaumu," dada alisema siku moja, akitazama dari. "Mwambie tu naogopa."

Nilifikisha maneno hayo kama yalivyo. Mama alikuwa anapaka nta kwenye uzi, na hakukuwa na kiatu cha kushona. Aliendelea kupaka.

"Nikivuka, watasemaje?"

"Mama, wote wanavuka."

"Ndiyo maana."

Jumapili hiyo Mwenyekiti alikuja nyumbani, kama kawaida yake, kumsalimia shujaa. Mama alimwekea chai. Nikamsikia anazungusha maneno, kitu ambacho si tabia yake.

"Hivi, Mwenyekiti, tuseme mtu ana shida ya kweli. Mgonjwa, tuseme. Kamati ingemwambiaje?"

Nilishikilia beseni mlangoni, nikaomba kimyakimya: mwambie avuke, baba, sema neno moja tu. Mwenyekiti akaweka kikombe chini. Alidhani anapimwa. Uso ukamshuka kwa aibu, akidhani magodoro ya alfajiri yameonekana.

"Mama Soli," akasema, "sisi wengine ni dhaifu. Wewe ukianguka, tumekwisha. Tunakutegemea wewe."

"Haya," mama akasema. "Kunywa chai, inapoa."

Alipoondoka, mama alikaa na kikombe mkononi muda mrefu. Nilimwona amechoka kama mtu aliyebebeshwa kabati ngazini na wenzake wote wameachia. Asubuhi yake nilimkuta amevaa gauni la kutokea na viatu vya kamba, vile vya baba alivyovipunguza vimkae.

"Mpigie bosi wako simu umuombe ruhusa," akasema. "Leo tunakwenda wote. Na hatuzunguki tanuri."

Ndivyo tulivyofika pale dirishani. Mkata tiketi alikata tiketi, mkono ukisita. Mama alilipa, akafunga kamba za viatu pamoja, akanipa nivibebe. Bado vilikuwa na joto la miguu yake. Akaingia darajani pekupeku.

Mwendo wake ulikuwa wa taratibu kwa sababu ya lami. Watu waliokuwa wanavuka walisimama pembeni wakageuka kutazama maji, wote, kana kwamba mtoni kuna sinema. Gari la magodoro lilitupita, likirudi kutoka ng'ambo. Mwenyekiti alikuwa kando ya dereva, akashusha kofia mpaka puani. Hakuna aliyecheka wala aliyepiga makofi. Katikati ya daraja nikashindwa kuvumilia.

"Mama, vaa basi. Umeshaonekana."

"Nilisema nitavuka," akasema. "Sikusema nusu."

Dada aliposikia sauti yake mlangoni aliweka mkono mdomoni. Kisha akaona nyayo. "Mama, miguu!"

"Iache miguu. Wewe unaendeleaje?" Akapanda kitandani kando yake, na vumbi lake lote, akampakata kichwa. Nikaenda kukinga maji ya kumwosha miguu, na huko bafuni nikalia mpaka beseni likafurika.

Mama alikaa ng'ambo mpaka mtoto akazaliwa, wa kike, mzima, mwenye makelele. Aliporudi alilipa tena, safari hii na viatu miguuni, maana deni lake lilikwisha. Alifungua mwavuli, akafuta kiti vumbi, akaketi akitazama barabara.

Mkata tiketi ndiye aliyekuja kwanza, na kiatu chenye kisigino kilichong'oka. Akafuata muuza nyanya mmoja, halafu mwenzake. Mwalimu akaja na simu yake. Kufika mchana walikuwa wamejipanga kama tulivyojipanga getini, na soli zilizofungwa kwa waya, kwa kamba, moja kwa gundi ya karatasi. Mama alivaa miwani, akageuza kiatu hiki, akageuza kile.

"Kumbe siku zote hizi mlikuwa mnatembelea viatu hivi?"

"Ndiyo, Mama Soli."

"Lo! Poleni."

Akaanza kugawa kandambili, nyekundu na bluu, hadi kapu likabaki tupu. Wa mwisho alikuwa Mwenyekiti. Alikuwa ameshavua viatu vyake na kuviweka mbele ya mama, amesimama chini ya jua na miguu yake myeupe ya mtu wa dukani, anasubiri apewe za kuazima.

"Zimekwisha," mama akamwambia, akiingiza uzi kwenye sindano. "Simama hapo hapo."

Akasimama.