Kufuli za Tsoka

"Sanduku yangu ya chakula, Mama Bénie! Umefungua sanduku yangu na ufunguo yako!"

"Nimefungua, ndiyo! Mtoto analia njaa, mi nizibe masikio? Tulikimbia risasi Bukavu ili tukuje kunyima batoto chakula huku Dzaleka?"

Safu nzima ya nyumba za kambi ya wakimbizi ilikuwa imeshatoka nje. Ernestine, huyo Mama Bénie, hakuwa mtu wa kugombana kwa kunong'ona. Wote walinunua kufuli zao Lilongwe, soko la Tsoka, rundo moja, na ufunguo wa mmoja ulifungua milango na masanduku ya jirani. Hadi leo lilikuwa jambo la kuchekwa tu.

Rosette, mwenye sanduku, alinyoosha kidole mlangoni. Bintiye Ketsia, wa miaka saba, mnene hadi kuhema akiwa amekaa, alikuwa kizingitini akilamba unga mkavu viganjani.

"Mtu wa mwili hivi iko na njaa gani?" Rosette akauliza.

"Mwili mukubwa, chakula mingi!" Ernestine akajibu, na watu wakacheka.

Kicheko kilikatika Papa Byamungu aliposhuka kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, vumbi hadi kwenye nyusi. Zamani alifundisha kemia Bukavu. Ndiye aliyetuma damu ya Ketsia Ubelgiji, kwa mwanafunzi wake wa zamani anayefanya kazi maabara. Leo alikuwa amekwenda Lilongwe kumpigia simu. Rosette alimkimbilia.

"Dawa, Papa?"

Byamungu alishusha sauti, lakini masikio ya Ernestine hayakuhitaji sauti kubwa.

"Kwa ubongo kuko vipokezi, kama kufuli. Mtu akikula, mwili unatuma ufunguo, kufuli inafunguka, anasikia ameshiba. Ya Ketsia iliharibika, inafunguka kidogo sana. Huyu mtoto hajashiba vizuri tangu azaliwe."

Ernestine akaufumbata ufunguo wake.

"Banachonga ufunguo wa kuisukuma," Byamungu akaendelea. "Peptidi, vipande vya protini vimeungwa kama shanga. Panya bakichomwa sindano, banapunguza kula. Lakini kufuli za jamii ile ziko tano, zinafanana. Dawa inaingia kufuli ya shibe, inaingia na ya rangi ya ngozi, inapandisha hata presha ya damu. Kama hizi zetu za Tsoka. Banatafuta ufunguo wa kufungua moja tu."

"Lini?"

"Miaka mingi, mama. Ya sasa hawawezi kumupa mtoto."

Rosette akakaa chini, palepale vumbini. "Basi mi nifanye nini? Nikimupimia sahani, nyumba zote zinamuita karibu chakula."

Kila jirani alikumbuka alichompa Ketsia: kiazi, mkate, ukoko. Ernestine, ambaye nyumba yake haikukosa mgeni, alikumbuka vingi kuliko wote.

Ketsia alinyanyuka, pua ikielekea kwenye sombe ya Ernestine, majani ya muhogo yaliyokuwa jikoni. "Mama Bénie, niko na njaa."

Mkono wa Ernestine ulianza kumwita, kama kawaida yake. Akaurudisha. Akainama, akamshika Rosette kwapani na kumwinua.

"Mama Ketsia, ingia kwangu, we na mtoto, tukule. Sahani yake utapakua we. Mi mwiko sigusi."