Nyuki wa Bogoro

Pétronille alifunua muzinga tena, na malkia hakuonekana tena. Kisirani gani hiki! Akaanza kumlaani Paluku kimoyomoyo. Kwa sauti haingefaa, maana Paluku mwenyewe alikuwa kando yake pale nyuma ya nyumba, mtaa wa Mudzipela, akiwapulizia nyuki moshi wa majani makavu, na hakuna jirani mwingine aliyekubali hata kusogea.

Muzinga ule ulikuwa wa marehemu mume wake, Olivier. Alikuwa na mizinga mingi kijijini kwao, kule Bogoro. Wenye bunduki waliichoma ili warine asali haraka, ukabaki huu mmoja. Siku hizi watu wanasema iko amani. Sawa, amani, lakini ni ile ya kulala na viatu. Pétronille hakutaka kurudi kukaa kule, wala hakutaka nyuki wa Olivier wafie kule. Ndiyo maana alimwomba Paluku, muuza maharagwe aliyetoka Butembo na aliyefuga nyuki zamani, awalete na pikipiki.

Akawaleta, lakini namna gani! Kwenye bariere, pale wenye bunduki wanaposimamisha watu njiani, walimlazimisha afungue, wakajikatia masega kwa kisu. Paluku alisimulia jambo lile huku anacheka, eti afadhali wachukue asali kuliko simu. Tangu siku ile yalikuwa yamepita majuma mawili, na Pétronille alikuwa bado hajacheka. Je, kama malkia alikuwa juu ya sega lililokatwa? Nani alitazama? Hakuna. Na bila malkia hakuna mayai. Hawa nyuki wa leo wakizeeka, basi, cha Olivier hakitabaki kitu duniani.

Alitoa ubao mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sega lake linaning'inia, akaugeuzia jua. Asali kidogo. Matundu matupu. Yai hata moja hakuna, na nyuki wanavuma kama watu wanaonung'unika kanisani. Mmoja akapenya chini ya wavu akamdunga kwenye kope. Machozi yakamtoka, hakujua ni ya sumu ama ya hasira.

Hapo maneno yakafumka. Alimwambia Paluku kwamba yeye na kicheko chake wamemuulia malkia, kwamba mwanaume mzima ameshindwa kulinda sanduku moja la mbao, kwamba angejua angelibeba mwenyewe kichwani. Paluku aliinamia sega, akapitisha kidole mahali palipokuwa na makovu ya nta.

— Mama Ketsia, nani alikata hapa? alimuuliza Pétronille.

Ni yeye Pétronille, na wala hakuona haya kusema. Juma lililopita alikuta vijumba virefu vinaning'inia, vinene kama karanga, akakumbuka Olivier alivyosema: nyuki wakijenga vile, wanajitayarisha kuhama. Kuhama! Dalili za kuhama anazijua. Jirani akianza kuuza mbuzi, akifunga godoro, wewe hungoji kuuliza. Aliyeumwa na nyoka, akiona kamba anashtuka. Akachukua kisu, akavikata vyote, na usiku ule akalala vizuri.

— Ulivikuta huku chini, pa mwisho wa sega, ao hapa katikati?

— Katikati.

Paluku aliweka chombo cha moshi chini.

— Vya chini ndiyo vya kuhama. Vya katikati ni vya kulea malkia mupya. Mama yao alikufia mu njia, na ile ni kosa yangu, nakubali. Lakini hawa hawakukuwa wanakimbia, Mama. Walikuwa wanatafuta namna ya kubakia.

Pétronille aliuliza kama hawatajenga vingine. Hapana, alisema Paluku, malkia analelewa kutoka yai, na yai wameishiwa. Labda wapewe sega lenye mayai kutoka muzinga mwingine. Ndugu mukubwa wake Paluku anafuga kule Kpandroma, asingekatala, ila juma hili njia ile hakuna anayeipita, kwa sababu ya wenye bunduki.

Pétronille alirudisha mbao ndani, polepole, asimbane hata nyuki mmoja. Jicho lilikuwa limevimba na kuziba. Akafunika muzinga, akavua wavu.

— Sega likitoka kule, nitalifunga na nini mayai yasipoe?

— Mama, njia iko mubaya.

— Nimesikia. Nauliza nitalifunga na nini.