Mama wa Udongo

Saa nne asubuhi fundi Muthomi alishuka kwenye ngazi, akapangusa mikono kwenye suruali, akamwambia Akolong kwamba ukuta wa mashariki umeanza kupumua.

"Sasa nipake rangi ama niache?"

"Acha," Akolong akasema. "Rangi itauziba."

Muthomi akaenda kunywa chai.

Chumba kilikuwa cha kulelea watoto wadogo, pale Burat, mali ya Madam Kathure. Hapo awali kilikuwa na vigae mpaka juu, madirisha yasiyofunguka na harufu ya dawa iliyokutoa machozi ukiwa bado mlangoni. Hata hivyo watoto walikohoa mwaka mzima. Akolong alikuwa amesomea usanifu wa vyumba chuoni. Alipoitwa alieleza kwa sauti ndogo, macho chini, kwamba nyumba haikai tupu: ukiua vijidudu wote, wa kwanza kurudi ni wale wabaya. Akaomba madirisha yanayotazamana, jua lifike sakafuni, na ukuta mmoja wa udongo wenye uhai, udongo ambao mbuzi wameulalia na watoto wameuchezea.

Udongo huo aliujua. Ulikuwa Gotu, zizini kwa mama yake, Akuam. Mama aliukanda kwa miguu yake mwenyewe huku akiimba, akasaidia kuupakia kwenye lori, kisha akauaga kama mtu anayesafiri.

Ukuta ulipumua polepole, kama mtu mzima aliyeshiba. Watoto waliuegemea wakalala. Kikohozi kikapungua, wazazi wakaanza kugombania nafasi, na Madam Kathure akaalika wageni waje kufungua chumba rasmi.

Akuam alisikia habari hizo sokoni, akaja. Alivaa shanga zake zote, akabeba kibuyu cha maziwa lala. Alinukia moshi na mbuzi. Yaya Kagendo alimzuia mlangoni kwa chupa ya dawa ya mikono.

"Shosho, hapa hatuingii hivyo. Na hicho kibuyu kibaki nje."

"Nimekuja kuona ukuta," Akuam akasema. "Na msichana wangu."

Wageni wakageuka. Madam Kathure akauliza, "Akolong, huyu unamjua?"

Akolong aliangalia viatu vyake. Mgeni mmoja kutoka Nairobi alikuwa ametoka tu kumsifia Kiingereza chake.

"Ni mama wa udongo tu," akasema, kama mtu anavyosema mama mboga.

Kagendo akacheka. "Basi mama wa udongo, leo hatununui."

Ukuta ukaacha kupumua. Hewa ikawa nzito. Mtoto mmoja akakohoa, wengine wakamfuata, na wageni wakaanza kujipepea kwa kofia. Akuam aliinua kibuyu chake. Alizunguka jengo mpaka upande wa mashariki, akaketi chini, akaegemeza mgongo ukutani. Ukuta ukavuta pumzi.

Tangu siku hiyo ukuta hupumua tu Akuam akiwa pale, kwa hivyo mbuzi wake amewaachia jirani, na siku hizi hulala kwa mwanamke wa kanisa lao. Chumba cha wageni nyumbani kwa Akolong hakina mtu. Madam Kathure amemjengea Akuam benchi ya saruji huko nje na kuagiza apewe uji, katika kikombe chake mwenyewe. Wataalamu wakija kujifunza, Akolong huwaeleza kuhusu madirisha. Watoto wakitoka kucheza humwita Akuam mama wa udongo, naye huitika.

Kila asubuhi Akolong huja na maneno tayari mdomoni, na kila asubuhi hupatikana mgeni wa kumfanya ayameze. Watoto wakilala mchana, yeye hukaa sakafuni na kuegemea ukuta mahali penye joto la mgongo wa mama yake. Kutoka upande wa pili, kwa Kiturkana, na kwa sauti ya chini ili watu wasisikie, Akuam humuuliza kama amekula.

Akolong hugonga ukuta kwa kidole, mara moja. Ndiyo.